Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira kuhusu taka zinazooza

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuhusu ndoo mbili zilizo jikoni mwangu. Moja hupokea maganda, makombo na majani ya mboga. Nyingine hupokea karatasi, makopo na chupa zilizokwisha kusuuzwa. Nilianza utaratibu huu nilipoitikia wito wa kuzitaka kaya zitenganishe taka zao, na nakiri kwamba niliuona mwepesi kuliko nilivyodhani. Kilichonivunja moyo ni asubuhi moja nilipotoka mapema kidogo na kushuhudia gari la taka likimeza ndoo zote mbili kwa pamoja. Nilipomuuliza kijana aliyekuwa akipakia, alinijibu bila kinyongo kwamba gari ni moja na dampo ni moja. Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa alisema kweli.

Mheshimiwa, kwa muda mrefu wajibu wa kuishi bila kuyaharibu mazingira umetwishwa mtu mmoja mmoja: abebe mfuko wake, azime taa, apande mti. Hayo ni mema na sina nia ya kuyabeza. Hata hivyo, lipo jambo ambalo mwananchi hawezi kulitimiza peke yake hata awe na nia njema kiasi gani, nalo ni kuamua taka iende wapi ikishavuka kizingiti cha mlango wake. Uamuzi huo ni wa serikali, na ndiyo sababu barua hii inakuja kwako badala ya kwenda kwa majirani zangu.

Nimechagua kuzungumzia taka zinazooza kwa sababu ndizo nyingi kuliko zote, ingawa ndizo zinazosemwa kwa uchache. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba asilimia 44 ya taka za mijini duniani ni mabaki ya chakula na mimea, na kwamba katika nchi za kipato cha chini sehemu hiyo huvuka nusu. Plastiki imepata watetezi na kampeni zake, pengine kwa kuwa huonekana ikielea. Ganda hujificha ndani ya lundo na kufanya madhara yake polepole. Jambo hili lisiloonekana ndilo ninaloomba wizara yako ilitazame kwa makini.

Ganda likiachwa mahali penye hewa huliwa na vijidudu vinavyohitaji oksijeni, na mwisho wake huwa mboji pamoja na hewa ukaa. Ganda lile lile likifukiwa chini ya tani za taka, ambako hewa haifiki, huangukia mikononi mwa vijidudu vya aina nyingine, navyo huzalisha gesi ya methani. Kwa uzito ulio sawa, methani hunasa joto takriban mara 28 zaidi ya hewa ukaa ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, na takriban mara 80 ikipimwa kwa miaka 20. Tofauti hiyo hutokana na ukweli kwamba methani hudumu angani kwa takriban miaka 12 tu, ilhali sehemu ya hewa ukaa hubaki kwa karne nyingi. Kwa kiongozi anayetaka kuona matunda ya uamuzi wake angali hai, sijui kama ipo gesi nyingine inayostahili kushughulikiwa mapema kuliko hii. Mwaka 2021, katika mkutano wa tabianchi uliofanyika Glasgow, ulizinduliwa mkataba wa hiari wa kupunguza methani inayotokana na shughuli za binadamu kwa angalau asilimia 30 ifikapo mwaka 2030, kwa kulinganisha na kiwango cha mwaka 2020. Madampo ni miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa, pamoja na mifugo na uchimbaji wa mafuta na gesi.

Si hewa tu inayoumia. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye uozo hupita katikati ya betri, rangi na vyuma, yakabeba sumu zake hadi kwenye visima na mito. Moto unaofuka damponi kwa siku kadhaa mara nyingi huchochewa na methani hiyo hiyo. Wakati huo huo, rutuba iliyotolewa shambani kwa njia ya mazao haipati njia ya kurudi udongoni: tunaizika, kisha tunanunua mbolea ya viwandani kuziba pengo tulilolichimba wenyewe.

Haya hayangekuwa na maana kama njia mbadala ingekuwa ngumu. Kutengeneza mboji ni kazi ya kupanga uwiano: sehemu 25 hadi 30 za kaboni, kutoka kwenye majani makavu na vumbi la mbao, kwa sehemu moja ya naitrojeni kutoka kwenye mabaki mabichi, pamoja na unyevu wa kadiri na kugeuzwa mara kwa mara. Lundo likitunzwa hivyo hupanda joto lenyewe hadi kuvuka nyuzi 55 za Selsiasi, na joto hilo likidumu kwa siku kadhaa huua vimelea vingi vya magonjwa na mbegu za magugu. Wanaolalamikia harufu wana haki, lakini lundo linalonuka kwa kawaida ni lundo lililokosa hewa au kuzidiwa na maji, na dawa yake ni uma wa kugeuzia na majani makavu. Pale palipo na mabaki mengi na nafasi finyu, mtambo wa bayogesi hunasa methani ndani ya tangi lililozibwa ili itumike kama nishati.

Nchi zilizofanikiwa hazikuanza kwa mahubiri. Korea Kusini ilipiga marufuku kufukia mabaki ya chakula ardhini mwaka 2005, na kuanzia mwaka 2013 ikaeneza mfumo wa kaya kulipia kadiri zinavyotupa. Leo sehemu kubwa mno ya mabaki hayo hugeuzwa kuwa lishe ya mifugo, mboji au nishati. Ufaransa iliziagiza mamlaka zake za mitaa ziwape wakazi njia ya kutenganisha taka zinazooza kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Angalia mpangilio wa maneno hayo, Mheshimiwa: mamlaka ndizo zinazotakiwa kutoa njia.

Ombi langu la kwanza, basi, ni gari. Ratiba itenge siku ya taka zinazooza na siku ya taka kavu, hata kama gari litabaki lile lile, mradi lisichanganye. La pili ni mahali pa kupeleka: kiwanja cha mboji kilichoezekwa, chenye sakafu ya saruji na mtaro wa kukusanya maji machafu, kilicho karibu na masoko. Ningeshauri muanze na masoko na mikahawa kabla ya majumba, kwa sababu huko mabaki hupatikana kwa wingi mahali pamoja na hayajachanganyika sana na vioo na plastiki, ambavyo vikiingia kwenye mboji huiharibu na kumfanya mkulima aikatae kwa haki. Faini kwa kaya zisizotenganisha zije baada ya hayo, si kabla.

Nakuomba pia usiwasahau waokotaji wanaoishi kwa kuchambua taka damponi. Mpango wowote utakaowafukuza utakuwa umewaondoa watu wanaoijua kazi hii kuliko sisi sote. Karatasi ambayo haijalowa makombo ina bei nzuri zaidi, na kiwanja cha mboji kinahitaji mikono ya kuchambua, kugeuza na kuchekecha. Ajira hizo wapewe wao kwanza, pamoja na glovu na viatu.

Najua utaambiwa kwamba gharama ni kubwa. Naomba watakaokuambia hivyo watakiwe kuweka mezani pia gharama ya kusafirisha maji, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wa mabaki ya chakula ni maji, na gharama ya kutafuta ardhi ya dampo jipya lililopo likijaa.

Ndoo zangu mbili bado zipo jikoni. Naomba wizara yako itangaze tarehe ambayo gari la kwanza lisilochanganya taka litaanza kupita, na mahali litakapomwaga mzigo wake.

Naomba kuwasilisha.

Mwananchi mwenye ndoo mbili