Mdaiwa akikaa kimya, mdai aambiwe la kufanya

Ndugu Mhariri, naomba nafasi niongee na wenzangu wenye kesi za madai, maana mi nimepoteza karibu mwaka mzima kwa jambo ambalo kumbe lilikua linataka sentensi moja tu mbele ya hakimu.

Nauza mbao. Jamaa wawili wabia walichukua mzigo wa kuezekea wa milioni 38, wakalipa kidogo wakapotea, simu hawapokei, nikafungua kesi mahakama ya wilaya mwenyewe bila wakili maana hela ya wakili ndo hiyo wamekaa nayo. Wakapelekewa wito. Sheria ya mwenendo wa madai inampa mdaiwa siku 21 tangu apate wito awe ameleta utetezi wa maandishi, akiwa na sababu ya msingi anaweza kuongezewa 10. Siku zikaisha, kimya. Nikajua nimeshinda, kumbe wapi! Kila nikienda kesi inatajwa tu bila kusikilizwa, mara hakimu ana udhuru, napanda basi la alfajiri nakaa benchi mpaka saa sita naambiwa rudi mwezi ujao, mara tano hivyo hivyo.

Mara ya sita wakili mmoja tuliyekaa nae benchi akaomba aone makaratasi yangu. Akanieleza kwamba kwa kanuni zilizorekebishwa 2019 mdaiwa asipoleta utetezi, mdai unasimama unaomba kwa mdomo tu kesi iendelee upande mmoja, yaani bila mdaiwa, na wito ukithibitika kuwa ulimfikia mdaiwa, mahakama inapanga siku ya kusikiliza ushahidi wako. Wito ukithibitika. Hapo ndo nilipokwama, maana nakala iliyorudi kwenye jalada ilikua na mstari mmoja wa kalamu ya bluu, "wamekataa kusaini", basi. Hakuna tarehe, hakuna jina la aliyeonyesha nyumba wala mhuri wa mtaa, hakuna kiapo cha aliyepeleka. Kwa karatasi ile hata ningepewa hukumu wangekuja waseme hatukujua kitu, itenguliwe tuanze moja. Na wangekua na haki yao, mtu hawezi kuhukumiwa kwa kesi asiyoijua, hilo silipingi kabisa.

Ikabidi wito utoke upya. Mmoja akapatikana, mwingine hakuonekana, nikaomba mahakama iruhusu atangaziwe gazetini, tangazo nikalipia mwenyewe.

Ninachoomba ni kidogo. Tangu 2021 sheria inasema Kiswahili ndo lugha ya mahakama, sasa kwanini mlangoni mwa masjala isibandikwe karatasi moja inayosema mdaiwa asipojibu ufanye nini, na wito uliorudi uwe na nini? Karani hatakiwi kunishauri kesi, naelewa, ila utaratibu si siri. Sisi tusio na mawakili ndo tunaozeeka kwenye yale mabenchi.

Na mtu asidhani upande mmoja ni ushindi wa bure, bado unatakiwa uthibitishe deni lako. Yangu inasikilizwa mwezi ujao, nimeshapanga karatasi zote za kupokelea mzigo zenye saini zao, na dereva aliyewashushia mbao kakubali kuja kutoa ushahidi.

Muuza mbao,
Nyanda za Juu Kusini