Baba hakurogwa, ni Parkinson

Mhariri,

Kwa miaka mitatu tuliamini baba anazeeka tu. Mkono wake wa kulia ulitetemeka akiwa ameulaza pajani, lakini akinyoosha kushika kikombe unatulia. Hatua zikawa fupi, uso ukakosa tabasamu, sauti ikafifia, hata saini ikasinyaa mpaka benki wakaikataa. Majirani walinong'ona kuwa amerogwa. Zahanati moja ikampa dawa za presha.

Daktari wa hospitali ya rufaa ndiye aliyetamka Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, baada ya kumtazama akitembea na kugonganisha vidole. Hakuna kipimo cha kawaida cha damu cha kuutambua ugonjwa huu. Kwanza aliuliza dawa anazotumia, kwa sababu haloperidoli ya magonjwa ya akili, au metoklopramidi ya kuzuia kutapika, zaweza kuleta dalili hizohizo, na daktari akizisitisha wengi hupata nafuu.

Levodopa, dawa ya Parkinson aliyoandikiwa, haiponyi, lakini sasa baba anafunga vifungo vya shati mwenyewe! Huimeza nusu saa kabla ya kula, maana nyama na maharage huipunguzia nguvu, na hatuthubutu kuikatiza ghafla.

Utafiti wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa wengi hawakuwahi kutambuliwa. Naiomba Wizara ya Afya iwafundishe wahudumu wa zahanati dalili hizi, na levodopa ipatikane hospitali za wilaya. Sisi tunaifuata kwa basi, safari ya saa nne, na mara mbili tumekuta imekwisha.

Msomaji,
Tanga