Vipimo vya Bahari Visomwe Madikoni

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme kuhusu utafiti wa sumu baharini, na hasa safari ya matokeo yake baada ya kazi kwisha.

Mombasa haina uhaba wa wataalamu. Makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) yako hapa hapa, na wanafunzi wa vyuo hawakatiki. Wanateremka mahori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, ya Tudor, Makupa na Port Reitz, wanachota maji, wanachimba tope, wanabeba chaza na samaki wakapime. Kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini matokeo huchapwa kwa Kiingereza katika majarida ya kitaalamu, na mvuvi wa hori hilo hilo hayamfikii. Mama karanga anayekaanga samaki jioni pia hayamfikii, wala wateja wake.

Kisa cha Arcachon, Ufaransa, kinaonyesha kwa nini jambo hili ni zito. Katika miaka ya 1970 wafugaji wa chaza wa ghuba hiyo waliona makome ya chaza yananenepa na kufanya vyumba vyumba ndani, kisha chaza wachanga wakaanza kukosekana. Kwa macho, maji yalikuwa safi. Mwanakemia Claude Alzieu na wenzake waliyachukua malalamiko ya wafugaji hao kuwa ni ushahidi, wakayafuatilia hadi wakaipata sababu: rangi iliyopakwa chini ya mashua ili viumbe visigande, ambayo ilitiwa kemikali ya bati iitwayo tributilitini. Mwaka 1982 Ufaransa iliizuia rangi hiyo kwa vyombo vidogo, na chaza wakarudi kuzaana. (Wazee wetu walizuia viumbe hao kwa deheni ya shahamu na chokaa, jahazi likapandishwa ufuoni na kupakwa upya kila baada ya muda.)

Uingereza nako, watafiti wa Plymouth waliona konokono wa baharini wa kike wanaota uume, hata wengine wakashindwa kutaga mayai. Nanogramu moja tu ya kemikali hiyo katika lita ya maji ilitosha kuanzisha balaa hilo. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni moja! Mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku rangi hizo ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008. Miaka yote hiyo meli za dunia nzima zilikuwa zikitia nanga bandari za kila bara, Kilindini ikiwemo, na tributilitini iliyozama kwenye tope lisilo na hewa hukaa miaka mingi sana.

Ndiyo maana sitosheki ninapoambiwa kwamba hori ni salama kwa kuwa samaki hawajaelea wamekufa. Sumu inaweza kumwacha kiumbe hai ikamnyima uzazi. Maji nayo hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kwa hiyo chupa ya maji ya leo haielezi mengi. Madini mazito kama risasi na zebaki hushikana na tope laini, na huko ndiko kaa na kombe wanakoishi. Chaza hahami: anachuja maji palepale alipo, na kilichomo majini kinabaki mwilini mwake.

Mahori yetu yamebeba mengi. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika upande wa Makupa na mikoko ikafa. Kibarani, taka za mji zilirundikwa ukingoni mwa maji kwa miaka mingi kabla jaa halijafungwa. Mikoko ya Mikindani hadi leo inapokea maji taka ya majumbani. Wavuvi wa huko wanajua ni wapi kaa wamepungua na ni wapi tope linanuka mafuta bamvua likipwa. Nani anawauliza?

Wapo wanaohofia kwamba habari hizi zikitangazwa biashara ya samaki itaanguka. Hofu yao naielewa, kwa kuwa watu wanakula kwa jasho la bahari. Lakini uvumi tayari upo, na uvumi hautenganishi changu wa mwamba wa nje na kombe wa tope la Makupa. Tangazo lililo wazi, linalotaja mahali na aina ya kiumbe, litamlinda muuzaji kuliko kimya.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hiyo naziomba idara husika za kaunti na za taifa zifanye hivi: kila utafiti unaofanywa kwa fedha za umma katika mahori haya utolewe muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, wenye majina ya samaki tunayoyatumia sisi, ubandikwe kila diko, yaani mahali wavuvi wanapoteremshia samaki, na kila soko la samaki, na mtafiti aje mwenyewe kuusoma mbele ya kamati ya wavuvi na mama karanga, ajibu maswali yao. Kuanzia Mikindani na Tudor ingefaa zaidi, kwa sababu huko watu wanavua karibu kabisa na midomo ya mifereji.

Mwalimu wa Bayolojia,
Tudor, Mombasa