Usiiuze mashua kwanza

Mombasa, Jumapili usiku

Ndugu yangu Athumani,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, mama akusalimu na bado aulizia ile achari. Najua miezi mitatu sikukuandikia, nisamehe. Jana Mbaruku amenipigia, aniambia tangu uugue kifua waiuza mashua, na kwamba yule jamaa wa Matondoni ameshakuja kuitazama. Usingizi umeniruka tangu hapo.

Nisikilize. Yuko Muargentina mmoja, Santiago Lange, mshindani wa tanga na mchoraji wa ramani za vyombo, kazi uipendayo wewe. Olimpiki alianzia Seoul mwaka 1988. Atlanta mikono mitupu, Sydney mikono mitupu. Athens 2004 akapata shaba, na 2008 shaba tena. Mwaka 2015 akakutwa na saratani ya pafu, wakamkata sehemu ya pafu la kushoto. Haukutimia mwaka, alikuwa Rio, ghuba ya Guanabara, ana miaka 54, usukani mkononi!

Chombo chao huitwa Nacra 17, ni miili miwili myembamba iliyounganishwa, na sharti mabaharia wawe mwanamume na mwanamke. Mwenzake alikuwa Cecilia Carranza. Nitarudi kwake huyo, kwa sababu ya yule binti Nuru.

Siku ya mwisho pointi huhesabiwa maradufu, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Wakaadhibiwa mara mbili. Adhabu kule ni kuzungusha chombo duara zima huku wenzako wanakwenda zao. Fikiria, Athumani, wewe uliyekosa boya moja pale Shela ukakaa siku mbili husemi na mtu. Wao walitoka nyuma wakafukuzia, wakamaliza wa sita katika mbio hizo, na ikatosha kwa dhahabu: kwa jumla wao 77, Australia 78, Austria 78. Pointi moja! Wanawe Santiago wawili, Yago na Klaus, nao walikuwa wakishindana Rio, wakajitosa majini kumfuata baba yao. Hapo nililia, sikufichi.

Tena hakuishia hapo. Michezo ya Tokyo, yeye na Cecilia ndio waliobeba bendera ya nchi yao.

Sikwambii umkaidi daktari. Akisema miezi sita usivute kamba, usivute. Ninalokataa ni kuuza. Mashua ile marehemu baba yako aliisimamia tangu mkuku, ule mti wa chini, ulipolazwa, na mimi na wewe tulikuwa tukiokota vipande vya mbao pale chini. Ukishaitoa, ukipona utapanda nini? Na Nuru je? Kila Maulidi yule mtoto yuko ufukweni akitazama upepo kabla ya manahodha hawajatazama. Ashike demani, kamba ya tanga, yeye, wewe kaa kwenye usukani. Watu watasema, waache waseme, Rio haikuwezekana bila mwanamke.

Kama shida ni pesa za hospitali, mbona hukuniambia? Ni kiasi gani? Yule jamaa umeshachukua arubuni yake, au ni maneno tu? Daktari amesema nini hasa, na kifua bado chakubana usiku? Nuru mwenyewe umemuuliza? Na kuna upepo gani huko sasa, kusi imeshaanza? Nijibu kabla ya Ijumaa, nipande basi nije.

Ni mimi nduguyo,
Salim