Raya, safari hii usinifiche

Wete, Pemba

Mwanangu Raya,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Nikianza tu neno langu, "Mama, niko kazini, nitakupigia."

Khamis kanambia mnaondoka kwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati, huko Berberati waliko wenzenu wa JWTZ. Kanifungulia na ramani, nikaona hapana bahari popote. Lakini si umbali ulionikaa rohoni. Habari ya safari yako nimeipata kwa Khamis!

Tabia hii unayo zamani. Mwaka 2013 ulituaga kuwa unakwenda kozi Bara. Ikaingia Ramadhani, redio ikatangaza askari wetu 7 wameuawa Darfur, Sudani. Nikawasikitikia watoto wa watu, nikafuturu, nikalala. Baadaye ndio unapiga simu, ati nisiwe na wasiwasi, wewe hukuwamo kwenye msafara ule. Msafara gani? Mimi hata kuwa uko Sudani sikujua! Tangu hapo ukisema kozi mimi nasikia vita. Lilipotokea lile shambulio la Semuliki kule Kongo, Desemba 2017, wakafa vijana wetu 15, wewe ulikuwa chuo cha jeshi Monduli kweli, lakini sikukuamini mpaka ulipompa simu mwenzio nikasema naye.

Basi nakuomba, na kama kuomba hakutoshi nakuamrisha, maana hapa Wete Meja hanipiti cheo: niambie. Ukihamishwa kambi, niambie. Ukishikwa na malaria, niambie. Siri za jeshi kaeni nazo, mimi nataka kujua umelala nchi gani.

Usidhani sikuonei fahari. Waliokuwa wakiniuliza mtoto wa kike atafanya nini jeshini wamenyamaza tangu 2021, Amiri Jeshi Mkuu alipokuwa mwanamke wa Makunduchi. Siku ile ya paredi Gombani kila aliyenisalimia nilimwonesha kwa kidole, yule mwenye upanga, yule wangu. Hata baba yako, Mungu amrehemu, ambaye JKU, hilo Jeshi la Kujenga Uchumi la Zanzibar, hakutaka kuisikia, picha yako ya kamisheni aliiweka juu ya redio, na tangu hapo redio haikuguswa na mtu ila yeye. Na kile cheti chako cha kidato cha nne kilichopotea wiki ile ya kwenda kuripoti, ukaenda na barua ya mwalimu, kikaja kuonekana ndani ya kasha langu la kanga, hayo tusiyafukue.

Ila umekuwa mkavu, mwanangu. Pesa unatuma, maneno hutumi. Sali kwa wakati. Vijana walio chini yako usiwafokee mbele za wenzao, nao wana mama zao. Na usijitie mbele kila penye hatari kwa kutaka kuwaonesha wanaume, wameshaona.

Mwanao Nassor hajambo, chuo cha Qur'ani anakwenda, skuli anakwenda kwa kusukumwa. Juzi kaniuliza mama yuko wapi. Na mimi nimwambie kozi?

Karafuu zimezaa lakini zinatutesa. Wachumaji wanataka tuwaongezee kwa pishi, na mvua imetukuta majamvi ya kuanikia yapo nje. Zikishika ukungu, ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hawatupi daraja la kwanza, nishazoea. Kwa hiyo ile pesa ya bati nimewalipa wachumaji. Jiko linavuja bado, usiniulize. Tukishauza nitairudisha, au nusu yake.

Khamis anapanda boti kesho asubuhi. Halua nimempa makawa mawili, moja ligawe kambini, lililofungwa kitambaa ni lako peke yako. Nambari ya yule mwenzio wa Monduli imepotea pamoja na simu yangu ya zamani. Mpe Khamis nambari yake aniletee, na ya mtu mwengine mnayekwenda naye, imeandikwa kwenye karatasi.

Mimi mama'ko