Risala ya Kikundi cha Wafuatiliaji wa Fisi kwa Mgeni Rasmi, Ngorongoro

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, meza kuu, walimu, wazazi na wanafunzi,

Tunakushukuru kwa kuja kutusikiliza tukizungumza juu ya mnyama ambaye wengi humtaja kwa sauti ya chini. Risala yetu inahusu fisi madoa wa Kreta ya Ngorongoro, na hasa kazi moja ambayo ikikosewa, nyingine zote huharibika: kujua mtoto yupi ni wa mama yupi.

Mheshimiwa, sakafu ya kreta ina kilomita za mraba zipatazo 250, na humo zimo koo 8 za fisi. Tangu mwaka 1996 watafiti wanawafuatilia mmoja mmoja, kizazi baada ya kizazi. Majike ndio wenye ukoo. Dume akikua mara nyingi huhamia ukoo mwingine na kuanzia chini kabisa kwa cheo. Mtoto hushika cheo kinachofuata mara moja chini ya cha mama yake, na akizaliwa mdogo wake, mdogo humpita mkubwa. Nafasi hiyo haitokani na damu. Mama humtetea mwanawe anapogombana na watoto wa majike wa chini, na jamaa huunga mkono, mpaka wenzake wazoee kumpisha. Kumbukumbu za kreta zimeonyesha kuwa fisi wawili wakigombana, kwa kawaida hushinda mwenye waungaji mkono wengi, hata kama mwili wake ni mdogo. Zimeonyesha pia kwamba jike kijana hupendelea madume walioingia katika ukoo baada ya yeye kuzaliwa, na kwa njia hiyo humkwepa baba yake. Haya yasingejulikana bila tarehe za kuzaliwa na majina ya mama.

Kazi huanza pangoni. Mimba huchukua siku 110 hivi. Watoto, kwa kawaida 2, huzaliwa weusi tititi, macho wazi, meno yameshatoka. Baada ya wiki 2 hadi 4 mama huwahamishia kwenye pango la ukoo, wanamochanganyika na watoto wa majike wengine, na hapo ndipo makosa huingia, kwa kuwa madoa huanza kuonekana wakiwa na miezi kama 2. Mtoto kufuatana na jike si ushahidi. Ushahidi ni kunyonya, maana jike hunyonyesha wa kwake. Mtoto wa mwenzake akidokoa ziwa hufukuzwa. Tunasubiri kuona kunyonya siku mbili tofauti ndipo tuandike jina la mama. Baadaye vinasaba vya kwenye kinyesi huthibitisha, na baba naye hujulikana.

Madoa yakishatoka, picha zipigwe ubavu wa kulia na wa kushoto, kwani madoa ya pande hizo hayafanani. Mwenye picha za upande mmoja huishia kumsajili fisi mmoja mara mbili.

Wapo wanaosema fisi ni huntha, yaani ana jinsia mbili. Si kweli. Jike ana kiungo kinachofanana na cha dume, na mtoto huzaliwa kupitia humo. Kuanzia miezi 3 hivi, kikisimama, ncha ya dume huonekana imechongoka na ya jike butu. Penye shaka tunaandika "haijulikani".

Kwenye ugomvi tunamwandika aliyenyenyekea: masikio yamelala, mkia katikati ya miguu, kichwa kinainama-inama. Watoto huumana hata wakicheza, na mchezo ukiandikwa kuwa ugomvi, orodha ya vyeo hupinduka. Gari lizimwe, mtu asishuke. Jike akiacha kunyonyesha na kuinua kichwa, mmekaribia mno.

Mheshimiwa, tatizo letu kubwa ni uangalizi kukatika. Watoto hukaa pangoni miezi 8 hadi 12. Tukikosekana kwa miezi michache, tutawakuta vijana wenye madoa mazuri ya kupigwa picha lakini wasio na mama kwenye daftari. Kwa hiyo tunaomba kamera yenye lenzi ndefu, darubini 2, diski ya kuhifadhi nakala za picha, na mafuta ya gari ya mwaka mzima badala ya miezi mitatu mitatu. Ikibidi kuchagua kimoja, tunaomba mafuta.

Tunakuomba pia utusemee kwenye mikutano ya vijiji kwamba fisi hawafugwi na wachawi. Hawa wa kreta tunawajua mama zao.

Tunaomba kuwasilisha.