Barua ya Wazi: Mheshimiwa Mkurugenzi, Tunaomba Ufunguo

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi unayesimamia mafunzo yetu ya uuguzi,

Yah: Ufunguo wa chumba cha mazoezi

Shikamoo Mheshimiwa. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Matokeo ya mtihani wa leseni yametoka juzi, nimefeli mara ya pili. Barua tatu nilizoleta kwa mkono zilipokelewa, zikagongwa muhuri, safari yake ikaishia hapo.

Bila shaka unaikumbuka siku uliyokuja kukata utepe wa chumba hicho. Tulipangwa juani tangu saa mbili, sare zimenyooka, tukaimba. Ulisema hakuna mwanafunzi atakayeshika sindano wodini kabla ya kuishika mara mia kwenye sanamu ya mgonjwa. Tulipiga makofi sana. Sanamu ipo, Mheshimiwa. Tunaiona dirishani, bado imevaa nailoni yake. Mlangoni kuna kufuli. Wapo wanaosema ufunguo umepotea, wapo wanaosema kuna mtu hataki kusaini vifaa. Mimi nahisi inatunzwa kwa ajili ya wageni wengine.

Nikiwa fildi, saa tisa usiku, aliletwa mama mwenye kifafa cha mimba. Sista wa zamu akaniambia, "Vuta magnesiamu, dozi ya kuanzia." Kwa kukariri hakuna aliyenishinda: gramu 4, asilimia 20, kwenye mshipa, taratibu. Ila ampuli niliyoshika imeandikwa asilimia 50. Nikabaki naigeuzageuza kama mtu anayetafuta tarehe ya kuisha. Sista akaninyang'anya. Mililita 8 za dawa, 12 za maji ya sindano, akaanza kusukuma polepole, macho kwenye saa ya ukutani. Hakunitukana. Baadaye ndiyo akauliza, "Mwanangu, huko chuoni mnafanyaga nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba huwa tunachungulia dirishani.

Yule mama alipona. Kabla ya kila dozi iliyofuata sista alinisimamisha kitandani: hesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika, gonga goti uone mguu ukiruka, angalia mfuko wa mkojo, ufike walau mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima magnesiamu, iwe karibu, pumzi zikianza kukata. Hayo yote yalikuwa kwenye daftari langu, ukurasa mzima, kwa wino mwekundu. Goti la mtu sikuwahi kugonga.

Na mtihani haukuulizi daftari. Unakupa mgonjwa. Dripu ya lita 1 iishe kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, utaweka matone mangapi kwa dakika? Ni 42, najua sasa. Mwingine anatumia digoksini, dawa ya moyo inayopunguza mapigo, na mapigo yake ni 52 tu kwa dakika, unafanya nini kwanza? Nilichagua kumpa dawa kwa kuwa muda wake umefika, badala ya kuizuia na kumwita daktari. Namshukuru Mungu alikuwa mgonjwa wa kwenye karatasi.

Mama yangu aliuza shamba la mpunga nisome. Mtaani wananiita nesi, wananigongea usiku na watoto wenye homa, nami nawaelekeza zahanati kama mpita njia. Hela ya kurudia mtihani naitafuta kwa kuchoma mahindi kituoni. Na wadogo zangu wa mwaka wa pili wanachungulia dirisha lile lile.

Kwenye zile barua niliorodhesha mengi: mkufunzi wa dawa, vitabu, glavu. Nimeyafuta yote. Mkitaka tuvue viatu mlangoni, tutavua. Mkitaka nailoni ibaki, tutaichoma sindano juu ya nailoni. Ufunguo tu, Mheshimiwa. Kama kweli umepotea, fundi vitasa yupo hapo sokoni, na tumeshaanza kumchangia.

Wako mtiifu,
Mhitimu asiye na leseni